UZI: Mfupa wa jino lako hauliwi na bakteria, unaliwa na mwili wako mwenyewe

Koleo la Mkoa

Wakuu, salaam.

Meno mengi ninayong'oa kwa watu wazima hayana tundu hata moja. Jino zima, jeupe kwa juu, lakini ukiliweka kwenye trei unaona mzizi umevaa gamba jeusi la ugaga (ukoga uliogeuka mgumu kama jiwe) karibu mpaka nchani. Halitaki nguvu. Ukilishika tu linakuja, maana mfupa uliokuwa umelibana ulishaondoka zamani. Mwenye jino analigeuzageuza, anauliza: "Daktari, mbona halijaoza?" Kweli halijaoza. Nataka tuzungumzie kilichoula huo mfupa, kwa sababu jibu ambalo wengi tumelelewa nalo, kwamba ni "wadudu wa meno", ni nusu ya habari.

Anzeni na hii. Mwaka 1965, Harald Löe na wenzake kule Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kupiga mswaki. Kati ya siku 10 na 21 wote fizi zilikuwa zimevimba. Wakarudishiwa miswaki, fizi zikapona. Hapo ikathibitika kuwa ukoga ndio unaowasha ugonjwa. Sawa.

Lakini Löe huyohuyo, kuanzia 1970, akaenda kwenye mashamba ya chai ya Sri Lanka na kuwafuatilia vibarua wanaume 480. Hawa walikuwa hawapigi mswaki na hawana huduma yoyote ya meno. Kinywa cha kila mmoja kilikuwa na ukoga, ugaga na fizi zilizovimba. Wakafuatiliwa hadi 1985. Kama uchafu peke yake ndio unaoamua, wote wangepoteza meno kwa mwendo mmoja. Haikuwa hivyo. Kama 8% ugonjwa uliwaenda mbio, meno yakaisha mapema. 81% walikwenda polepole. Na 11% hawakupoteza mfupa kabisa, waliishia kwenye fizi kuvimba tu, miaka yote hiyo bila mswaki.

Uchafu uleule, shamba lilelile, matokeo matatu tofauti. Tofauti iko kwenye namna mwili unavyojibu, na mwili unajibu kwa kutumia saitokini, yaani protini ndogondogo ambazo seli za kinga hutumiana kupeana taarifa.

Inakwenda hivi. Kwenye ule mfereji mwembamba kati ya jino na ufizi, bakteria wanadondosha vipande vya ganda lao. Seli za ufizi zina vipokezi vinavyovitambua vipande hivyo. Zikishavitambua, zinamwaga saitokini: IL-1, TNF, IL-6. Nyingine, IL-8, kazi yake kubwa ni kuziita nyutrofili, zile seli nyeupe za mstari wa mbele. Mishipa midogo ya damu inatanuka na kuvujisha maji, ufizi unakuwa mwekundu, ukiugusa na mswaki unatoka damu. Mpaka hapo kinga inafanya kazi yake, na ukisafisha vizuri kila kitu kinarudi mahali pake.

Kasheshe ni pale taarifa zisipokoma. Mnajua mtu akipiga yowe la "mwizi!" sokoni. Umati unakuja mbio, meza za nyanya zinapinduliwa, mabanda yanavunjwa, na mara nyingi mwizi mwenyewe keshapenya zake. Hasara inabaki kwa mama muuza nyanya. Kwenye kinywa chako, nyanya ni kolajeni inayolishika jino, na banda ni mfupa.

Kolajeni kwanza. IL-1 na TNF zinaziamuru seli za ufizi na nyutrofili zitoe vimeng'enya vya kundi la MMP, ambavyo hukata nyuzi za kolajeni. Nyuzi zikikatika, ufizi unaachana na jino na mfereji unageuka mfuko. Kwa kawaida kipimo chetu kinazama milimita 1 hadi 3. Mimi napima watu kinazama 7, 8, na anakwambia hajawahi kusikia maumivu.

Halafu mfupa. Saitokini hizo, pamoja na IL-17, zikikaa muda mrefu zinazifanya seli za eneo lile, zikiwemo seli nyeupe za limfosaiti T na B, kutoa molekuli inaitwa RANKL. RANKL inazishika seli changa za ukoo mmoja na makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu na mabaki) na kuzigeuza kuwa osteoklasti, majitu yenye viini vingi ambayo kazi yao ni kujigandisha juu ya mfupa, kumwaga asidi na kuuyeyusha. Mwili una breki yake, osteoprotejerini, inayoidaka RANKL kabla haijafika. Kwenye fizi zinazougua RANKL iko juu, breki iko chini. Basi.

Osteoklasti ni seli yako mwenyewe. Hakuna bakteria hata mmoja anayetafuna mfupa hapo.

Karibuni.

Ndizi Nyama

Naweka kambi hapa. Shusha nondo mkuu.

Kijiti

Sasa umetupa sababu ya kuacha mswaki 😂 Babu yangu mzaa mama alifariki na meno yake yote na sijawahi kumuona na dawa ya meno hata siku moja.

Koleo la Mkoa

Kijiti, huenda babu yako alikuwa kwenye ile 11%. Shida ni kwamba hakuna anayezaliwa na kadi inayomwambia yuko kundi gani. Kuna mtu anavuta pakiti nzima kila siku na anafika miaka 90, lakini sijaona daktari anayeliandika hilo kwenye cheti cha dawa.

Na kuhusu kurithi: mwaka 1997 mtafiti Kornman na wenzake walionyesha kuwa mchanganyiko fulani wa jeni za IL-1 unaendana na ugonjwa mkali wa fizi kwa watu wasiovuta sigara. Baadaye Marekani wakaanza kuuza kipimo cha jeni hizo. Mtu akiniuliza kama akinunue, namwambia hela hiyo akafanyiwe usafi wa meno. Jeni moja mbili hazitoshi kutabiri, na jibu likija vyovyote vile matibabu ni yaleyale.

Fundi Maabara

Mada nzuri, ila kichwa cha uzi kimewatetea bakteria kupita kiasi. Hawa si watazamaji.

Chukua bakteria anayeitwa *Porphyromonas gingivalis*. Huyu hata akiwa wachache sana anavuruga kinywa kizima. Ana vimeng'enya vinaitwa jinjipaini, vinavyokatakata protini za kinga. Pia ana uwezo wa kuzizuia seli za ufizi zisitoe IL-8, yaani anakata simu ya kwanza kabisa ya kuita nyutrofili. Wakati huohuo anavuruga mfumo wa komplementi (protini za damu zinazosaidia kuua vijidudu) ili uvimbe uendelee bila yeye kuuawa. Kwa nini autake uvimbe? Kwa sababu anakula vipande vya protini na madini ya chuma vinavyotoka kwenye tishu zilizobomoka na damu inayovuja. Uvimbe ndio shamba lake.

Lakini kuna jaribio la mwaka 2011 la kundi la George Hajishengallis ambalo linakupa nguvu wewe pia. Panya wa kawaida wakipewa *P. gingivalis*, mfupa wa meno unapungua. Panya waliolelewa bila bakteria wowote wakipewa huyo peke yake, mfupa haupungui. Anawahitaji bakteria wengine wa kawaida, na anahitaji mwili unaopiga kelele. Peke yake hafui dafu.

Koleo la Mkoa

Fundi, hapo hatupingani. Mimi nimesema nani anashika sururu, wewe umesema nani kamtuma. Endelea, nyie watu wa maabara mnazipimaje hizi saitokini? Maana wengi watadhani ni damu ya mkononi.

Fundi Maabara

Hapana, kwenye mfuko wa ufizi wenyewe kuna maji yanayochujika kutoka kwenye damu. Unakausha jino kwa pamba, unachomeka ukanda mwembamba wa karatasi maalumu kwenye mfereji kwa sekunde chache, unanyonya kiasi kisichozidi tone. Ukanda ukichafuliwa na damu au mate unautupa, unaanza upya. Ile karatasi inalowekwa, halafu inapimwa kwa ELISA, kipimo cha maabara kinachotoa rangi; rangi ikikolea ndivyo saitokini ilivyo nyingi. Ukipima IL-1 beta mahali panapougua na mahali pazima kwenye mdomo wa mtu yuleyule, tofauti unaiona. Baada ya kusafishwa inashuka. Kuna pia vipimo vya papo kwa papo vya MMP-8 vinavyofanana na kile cha ujauzito, lakini kwa kazi ya kila siku kipimo cha milimita na picha ya eksirei bado ndio mfalme.

Bint Mvita

Ahsanteni kwa darasa. Mimi ni mja mzito na fizi zinatoka damu kila nikisukutua, na kabla ya mimba hazikuwa hivi. Mama mkwe asema ni kiseyeye, nile ndimu sana. Ni kweli?

Koleo la Mkoa

Hongera dada. Kiseyeye halisi ni ukosefu mkubwa wa vitamini C na si ugonjwa wa kawaida kwa mtu anayekula matunda na mboga. Lako kwa maelezo hayo linafanana zaidi na uvimbe wa fizi wa ujauzito. Homoni za mimba, projesteroni hasa, zinafanya mishipa ya ufizi ivuje kirahisi na zinabadilisha namna kinga inavyojibu. Ukoga uleule ambao zamani ufizi uliuvumilia, sasa unajibiwa kwa kishindo. Mara nyingi hutulia baada ya kujifungua, lakini usisubiri. Kusafishwa meno ukiwa mjamzito ni salama. Mwambie daktari kuwa una mimba, basi. Ndimu usizifyonze moja kwa moja kila saa, asidi yake inalainisha meno. Na usiache kupiga mswaki kwa sababu ya damu, hilo ndilo kosa linalofanywa na wengi.

Ndizi Nyama

Mkuu mimi fizi zikianza kusumbua napita duka la dawa nachukua flajili na amoksilini, siku tatu kwisha habari. Kuna ubaya?

Koleo la Mkoa

Ubaya upo. Ukoga si bakteria wanaoelea tu, ni utando uliojengeka na kushikana, dawa hupenya humo kwa shida. Unapunguza baadhi, kelele zinashuka kwa muda, unajiona umepona. Ugaga bado uko palepale chini ya ufizi na utando unajijenga tena juu yake. Wakati huo unawafundisha bakteria wa tumbo zima kuizoea dawa. Antibayotiki kwenye ugonjwa wa fizi zina nafasi yake kwa wagonjwa wachache, na zinakwenda pamoja na usafi wa mizizi.

Kijiti

Swali la kijinga. Kama kinachobomoa ni hizi saitokini, kwa nini wasitengeneze dawa ya kuzinyamazisha tu mtu akaendelea na maisha?

Koleo la Mkoa

Si la kijinga hata kidogo. Mwaka 1998 ilichapishwa kazi ya nyani waliosababishiwa ugonjwa wa fizi, kisha wakapewa dawa za kuziba IL-1 na TNF. Upotevu wa mfupa ulipungua kwa takriban 60%. Kwa hiyo kimsingi inawezekana.

Ila TNF haikuwekwa mwilini kwa ajili ya kukubomoa meno. Ndiyo inayosaidia kuifungia kifua kikuu ndani ya mapafu isiamke. Watu wanaopewa dawa za kuzuia TNF kwa ajili ya baridi yabisi hupimwa TB kwanza, kwa sababu iliyolala inaweza kuamka. Sasa kwa nchi zetu ambako TB iliyolala imejaa, nani atakuandikia dawa hiyo kwa sababu ya fizi? Na bei yake usiulize.

Kitu kilichofika kwa wagonjwa ni doksisaiklini ya dozi ndogo, miligramu 20 mara mbili kwa siku, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Kwa dozi hiyo haiui bakteria. Inapunguza makali ya vile vimeng'enya vya MMP. Lorne Golub ndiye aliyegundua kuwa dawa za jamii hiyo zina tabia hiyo. Faida yake ipo lakini ni ya wastani, na ni nyongeza juu ya usafi. TAFADHALI msikate vidonge vya 100 nyumbani, nawajua.

Fundi Maabara

Niongeze kisa kimoja ambacho kwangu ndicho ushahidi mtamu kuliko yote.

Kuna watoto wachache sana wanaozaliwa na kasoro ambayo nyutrofili zao haziwezi kushika ukuta wa mshipa na kutoka nje ya damu. Meno yao hulegea na kung'oka wakiwa bado wadogo. Kwa miaka mingi maelezo yalikuwa mepesi: askari hawafiki kwenye ufizi, kwa hiyo bakteria wanajitawala. Ina mantiki, si ndiyo?

Niki Moutsopoulos na wenzake, taasisi za afya za taifa za Marekani kule Bethesda, wakaangalia fizi za wagonjwa hao na kukuta hali nyingine. IL-23 na IL-17 zilikuwa zimefurika. Kumbe nyutrofili ikishafika kwenye tishu na kufa, makrofaji wanaimeza, na kule kumezwa ndiko kunakotoa taarifa kwamba "wametosha, punguzeni IL-23". Kama nyutrofili hazifiki, taarifa hiyo haitoki kamwe. IL-23 inaendelea kudai IL-17, na IL-17 inaendelea kula mfupa.

Mwaka 2017 wakachapisha habari ya mgonjwa mmoja wa aina hiyo aliyepewa ustekinumabu, kingamwili inayoziba IL-12 na IL-23, ambayo kwa kawaida hutumika kwa ugonjwa wa ngozi wa soriasisi. Kwa fikra ya zamani ungesema wanamuua, kinga yenyewe haipo halafu unaizima. Uvimbe wa fizi ulitulia, na kidonda kikubwa mgongoni kwa chini kilichokuwa kimegoma kupona kikafunga.

Ndizi Nyama

Duh. Yaani kumzimia kinga mtu asiye na kinga ndiyo dawa. Hii nimeisoma mara mbili.

Koleo la Mkoa

Hicho kisa kitunzeni, ila msikihamishe kwa kila mwenye fizi zinazotoka damu. Ni ugonjwa adimu na mgonjwa mmoja. Kwa watu wa kawaida IL-17 ina kazi zake, inazuia fangasi wa mdomoni kwa mfano.

Mama Sabra

Daktari mume wangu ana sukari miaka mingi, meno ya mbele ya chini yametawanyika na yanacheza. Kliniki wanamwambia sukari haishuki, nyumbani anatumia dawa vizuri. Inahusiana na huu uzi?

Koleo la Mkoa

Inahusiana sana, mama, na ndipo nilipokuwa nataka tufike.

Njia ni mbili. Sukari ikiwa juu kwa muda mrefu inajishika kwenye protini za mwili, na protini hizo zilizoshikwa zinaziamsha makrofaji zitoe IL-1, TNF na IL-6 kupita kawaida. Kwa hiyo ufizi wa mwenye kisukari kisichodhibitiwa unajibu ukoga uleule kwa ukali zaidi. Upande wa pili, TNF na IL-6 kutoka kwenye mifuko ya fizi zinaingia kwenye damu. IL-6 ikifika kwenye ini inaamuru itengeneze CRP, ile protini ya uvimbe mnayoiona kwenye majibu ya maabara. TNF inaingilia kazi ya insulini. Ukijumlisha mifuko yote ya mdomo mzima, mgonjwa anatembea na kidonda kisichoonekana.

Ushahidi upo kwenye matibabu. Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio ya watu wenye kisukari waliosafishwa mizizi ya meno. Baada ya miezi 3 hadi 4, HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili mitatu, ilishuka kwa wastani wa karibu pointi 0.4 za asilimia. Haichukui nafasi ya dawa zake, lakini kuna vidonge vinavyoongezwa kwa faida isiyozidi sana hapo. Ndiyo maana uainishaji mpya wa ugonjwa wa fizi, uliotokana na mkutano wa Chicago wa 2017, unamwingiza mgonjwa kwenye daraja la hatari ya juu kama HbA1c imefika asilimia 7.0 au anavuta sigara 10 na zaidi kwa siku.

Nimetaja sigara, niseme hapohapo: mvutaji fizi zake hazitoki damu sana, mishipa imesinyaa. Anajiona mzima. Huyo ndiye anayekuja kwangu jino likiwa mkononi.

Kijiti

Mimi nilisafishwa meno mwaka juzi, baada ya hapo ndiyo yakaanza kucheza na kuingia upepo kila nikinywa maji baridi. Mtaani wanasema usafi unalegeza meno na mimi naamini.

Koleo la Mkoa

Nalisikia kila siku. Ugaga ukijaa unageuka kama saruji inayoyaunganisha meno, na ufizi uliovimba unaziba mapengo. Ukiondoa saruji na uvimbe ukinywea, unaona mfupa uliobaki ni kiasi gani. Mizizi iliyokuwa imefunikwa sasa iko wazi, ndiyo huo upepo. Kwa wengi unatulia ndani ya wiki chache, na meno yasiyolegea sana hukaza tena kidogo uvimbe ukiisha. Lakini mfupa uliokwisha haurudi wenyewe. Uliyemlaumu alikuta umekwisha.

Kosa letu madaktari ni kutomwonyesha mgonjwa mapema. Ukienda, omba upimwe mifuko kwa kile kijiti chenye alama za milimita na namba ziandikwe. Urudi baada ya miezi 2 au 3 upimwe upya sehemu zilezile. Kama 6 imekuwa 4 na damu imekoma, kelele zimeshuka. Kama imebaki 6 na inatoka damu, kuna ugaga umeachwa chini au kuna kitu kingine mwilini cha kuchunguza.

Bint Mvita

Mswaki wa mti je? Babangu hatumii mwingine.

Koleo la Mkoa

Ukitumiwa vizuri unaondoa ukoga, na kuondoa ukoga ndiyo kazi. Autafune ncha ilainike, aikate ile iliyochakaa, apite na upande wa ndani, hasa nyuma ya meno ya mbele ya chini. Wengi wanasugua mbele tu.

Mama Sabra

Nimemsomea baba Sabra uzi wote. Amekubali kwenda Jumatatu. Aende bila kula kama anavyofanya akienda kupima sukari?

Koleo la Mkoa

Hapana mama. Ale kama kawaida, anywe dawa zake kama kawaida, aombe nafasi ya asubuhi. Na abebe kadi yake ya kliniki, daktari wa meno atataka kuiona HbA1c ya mwisho.